Nilimsomea baba barua nusu, sasa nimeshindwa kumaliza kitabu changu

Mpendwa Mshauri,

Salamu sana. Mimi ni mwalimu mstaafu, mwanamke wa miaka 67, naishi Muheza mkoani Tanga. Safu hii naisoma kwa muda mrefu na sikudhani nami siku moja ningeandika. Naomba jina langu lisitoke.

Nilianza kazi mwaka 1976, mmoja wa wale walioitwa walimu wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Tulichukuliwa tukiwa tumemaliza darasa la saba tu, tukawa tunajifunza kufundisha huku tumeshashika chaki. Nilistaafu mwaka 2018. Mume wangu alikuwa ametangulia, watoto wana miji yao, na nyumbani nimebaki na mama yangu mzazi, ambaye kwa makadirio ana miaka 88, pamoja na mjukuu wangu wa kike aliyemaliza kidato cha sita.

Miaka mitatu iliyopita mjukuu aliniuliza, "Bibi, manamba ni nini?" Nikashtuka. Watu wa nyumba hii wanakula machungwa ya babu yao kila msimu na hawajui alifikaje hapa. Kesho yake nikanunua kaunta buku nikaanza kuandika. Huandika alfajiri kabla mama hajaamka, kwa sababu nina mtoto wa jicho upande wa kushoto na taa ya usiku inanitesa. Kaunta buku nne zimejaa. Mjukuu anachapa kwenye kompyuta, na mdogo wangu wa kiume amechangisha ndugu ili Desemba ukoo ukikutana kila nyumba ipewe nakala yake. Tumeshakubaliana bei na steshenari, nakala 30.

Shida yangu iko kwenye sentensi ya kwanza kabisa. Imeandikwa hivi: "Mimi ni mtoto wa kwanza wa baba yangu." Si kweli, na nilikuwa najua si kweli wakati naiandika.

Baba alitoka Kasulu, mkoani Kigoma, mwaka 1956 kuja kukata mkonge. Alikuwa manamba, mtu wa mkataba. Walikuwa wanapewa kipande, kadi ya siku 30, na siku usiyomaliza kazi yako haikuandikwa. Nyumbani alimwacha mke mwenye mimba. Mkataba ulipokwisha hakurudi. Alikutana na mama, Mbondei wa hapahapa, akabatizwa, na mwaka 1958 wakafunga ndoa kanisani. Mwisho wa mwaka huo nikazaliwa mimi, baadaye wadogo zangu watatu.

Baba hakujua kusoma, mama naye hivyohivyo. Kwa hiyo nilipofika darasa la nne nikawa msomaji wa barua wa nyumba yetu na wa nusu ya kambi. Nilikuwa naandika pia, kwa mtindo wa wakati ule: "Ama baada ya salamu, hali zetu ni njema, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yetu." Barua zilifika kwenye sanduku la posta la shamba, karani akatupa sisi watoto tukitoka shule.

Mwisho wa mwaka 1970 karani alinipa barua ya Kasulu. Mama akaniambia nimsomee yeye kwanza, baba bado alikuwa kazini. Ndipo nilipojua. Barua ilimwambia baba kwamba mwanawe amefaulu kuingia darasa la tano lakini ada haipo. Mama alinyamaza kidogo, akasema, "Hapo paruke." Jioni nilimsomea baba salamu na habari za mvua. Mwezi wa kwanza mimi mwenyewe niliingia darasa la tano, na ada yangu ililipwa.

Ya pili ilikuja mwaka 1971, nayo tukafanya vilevile. Ya tatu ilikuja mwaka 1972 na hiyo ndiyo inayoniamsha usiku. Iliandikwa kwamba huu ni mwaka wa pili hawaoni jibu, na wakikosa jibu safari hii watajua baba amekufa na watakaa matanga. Nilimsomea baba kwamba mahindi na maharage yamestawi na wote wanamsalimu. Akaniuliza, "Hawakusema lolote jingine?" Nikasema, "Hapana, baba." Akaikunja, akaiweka kwenye sanduku lake la bati alikoweka zile nyingine. Kila mara aliniambia maneno ya majibu nikaandika, na kila mara mama alisema atapeleka barua kwa karani mwenyewe. Baada ya hapo Kasulu hawakuandika tena.

Sitaki umwone baba yangu vibaya. Bei ya mkonge ilipoanguka na shamba likapunguza watu, alitafuta eka tatu, akapanda michungwa, akatusomesha. Alijifunza kusoma utu uzimani, kwenye ngumbaru, akafaulu mtihani wa mwaka 1975. Cheti chake mdogo wangu amekitia kwenye fremu, kiko sebuleni kwake hadi leo. Baba alifariki mwaka 1994. Nilipofungua sanduku lake barua tatu zilikuwemo. Nikazichukua kabla mtu hajaziona. Ninazo.

Mama sasa amepatwa na kusahau. Jina langu linampotea, wajukuu hawatambui. Lakini tangu mwaka jana, usiku, ananishika mkono ananiuliza, "Ile barua umeipeleka kwa karani?" Mwanzo sikuelewa ni barua gani. Wakati mwingine analia. Namjibu, "Nimeipeleka, mama," anatulia, analala. Mimi ndiye nabaki macho, naona nimedanganya tena kwa jambo lilelile.

Mwezi uliopita nilimweleza mdogo wangu, ila sikumwambia kwamba barua ninazo. Ni mzee wa kanisa na ndiye anayetunza shamba. Alikasirika, sijapata kumwona vile. Akasema, "Dada, baba yuko kaburini na wewe unamvua nguo. Na mama je? Ukiandika hayo mimi nakala yangu sitaki, na hela za steshenari nitawarudishia watu." Mjukuu kwa upande wake ananiambia kitabu chenye uwongo si kitabu, ni bora tusichape.

Ninaona nina deni. Nilimdanganya baba hadi akafa hajui kwamba kule walimwita. Kuna mtu Kasulu, kama yu hai ana karibu miaka 70, aliyekosa shule kwa mdomo wangu. Je, niandike? Nikae kimya hadi mama aondoke? Au nichome barua na kaunta buku zote, nipumzike? Nimeshanunua kaunta buku ya tano. Ina miezi miwili mezani, haina hata neno.

Mwalimu mstaafu, Muheza

*

Mwalimu, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza niliiweka chini pale baba anapouliza kama hawakusema lolote jingine, nikatoka nje kidogo. Asante kwa kutuamini na jambo ulilolibeba peke yako kwa zaidi ya miaka 50.

Nikikuelewa vizuri, una mambo mawili yaliyofungwa fundo moja. Kuna kitabu, chenye tarehe ya Desemba, bei ya steshenari na ndugu waliochanga. Na kuna yule mtoto wa kambini aliyeruka mistari. Mdogo wako anagombana na kitabu. Wewe, nadhani, unagombana na yule mtoto. Naomba tuanze na mtoto, kwa sababu kwenye barua yako umemhukumu kwa neno moja tu, "nilimdanganya", na hukumpa nafasi ya kusema.

Umefundisha zaidi ya miaka 40. Wamepita mbele yako mamia ya watoto wa darasa la nne. Angekuja mmoja wao akakwambia, "Mwalimu, mama kaniambia pale paruke nami nikaruka," ungemwambia ana deni kwa mtu wa Kasulu? Nauliza hivi nikijua kwamba hutatulia kwa kuambiwa tu ulikuwa mtoto. Naona uchungu wako wa kweli uko kwenye ile ada. Walifaulu watoto wawili wa baba mmoja, mmoja akalipiwa, na wewe ndiye uliyekuwa na karatasi mkononi. Hilo linauma hata kama hukuwa na kosa. Lakini kuumia kwa ajili ya mtu ni jambo moja, na kudaiwa na mtu ni jambo jingine, na barua yako imeyachanganya.

Tena, baba alikuwa mtu mzima. Njia ya kwao aliijua, na kwamba alimwacha mke na mimba alilijua bila kusomewa. Mama naye alikuwa mwanamke kijana kambini, ana watoto wanne wa kulisha kwa kipande cha mume, na amesomewa na bintiye mwenyewe kwamba kuna nyumba nyingine. Sisemi hivi ili kumtoa hatiani wala kumtia. Nasema watu wazima walikuwa wawili, kila mmoja na hofu yake, na barua ikapita katikati yao mkononi mwa mtoto. Na inawezekana kule Kasulu ilikuwa hivyohivyo. Kama yule mama hakujua kuandika, huenda aliyeshika kalamu na kuandika maneno ya matanga ni yuleyule mwanawe aliyekosa ada.

Sasa kuna jambo nataka tulitazame pamoja, taratibu. Umeandika kwamba baba alikufa hajui. Ukurasa huohuo umeandika kwamba mwaka 1975 alifaulu mtihani wa ngumbaru, na kwamba mwaka 1994 barua tatu zilikuwa bado sandukuni mwake. Mambo haya umeyaweka mbalimbali, moja kwenye sifa za baba, jingine kwenye siri yako. Yaweke pamoja. Mtu aliyejua kusoma alikaa miaka 19 na barua hizo ndani ya sanduku lake mwenyewe.

Sijui kama alizisoma, na tafadhali usichukue maneno yangu kama ushahidi. Wewe unajua kuliko mimi kwamba mtu aliyejifunza kwa herufi kubwa za kitabu cha kisomo anaweza kushindwa na mwandiko wa kuunganisha, hasa wino ukiwa umefifia. Labda hakuzifungua tena. Labda alizifungua akasoma kila neno, akaelewa kwa nini siku ile ulijibu haraka, na akaamua kutokukuuliza. Kama ni hivyo, kuna kitulizo ndani yake, lakini kuna na swali gumu zaidi, kwa nini baada ya kusoma hakwenda Kasulu. Swali hilo haliwezi kuwa lako kulijibu. Ninachoomba ni kwamba sentensi ya "akafa hajui" usiiandike kwenye kitabu kama jambo lililothibitika. Huijui, nami siijui.

Tuje kwa mdogo wako. Umesema ndiye anayetunza shamba na ni rahisi kudhani anaogopa eka tatu. Inawezekana. Mimi lakini nilisimama kwenye neno kanisa. Ndoa ya mwaka 1958 ilifungwa huku kuna mke Kasulu. Mwanaume wa miaka zaidi ya 60, mzee wa kanisa, ameambiwa mara moja, labda akiwa amekaa chini ya cheti cha baba yake, kwamba ndoa aliyozaliwa ndani yake si kama alivyoijua. Wewe ulipewa miaka 55 ya kulizoea jambo hilo. Yeye amepewa mwezi mmoja. Tena hujamwambia kwamba barua unazo, kwa hiyo anabishana na kumbukumbu ya dada yake, wala si na karatasi. Kabla ya kumwomba ruhusa ya kuandika, fikiria kumwalika azisome. Zilikuwa za baba yake pia. Hatari ipo. Anaweza kuzichana mbele yako. Kwa hiyo mpe nakala ulizodurufu, zile za asili ziache pale zilipo. Anaweza vilevile kukaa kimya muda mrefu, na ukimya huo usiuharakishe.

Na kama hofu ni shamba kweli, afadhali iitwe kwa jina lake. Baba alifariki mwaka 1994. Kama kuna anayeweza kudai chochote leo inategemea mirathi iligawanywaje, nani aliisimamia na ardhi iko kwa jina la nani, na wewe hukueleza hayo. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wasaidizi wa kisheria wanatambulika rasmi, na ushauri wao kwa asiye na uwezo ni bure. Nendeni wawili, wewe na mdogo wako, mkaulize kabla hamjaanza kuogopa. Hofu ya mirathi isiyoulizwa ndiyo inayovunja undugu mapema kuliko mirathi yenyewe. Nimeliona hilo kwenye barua nyingi za safu hii.

Kuhusu kitabu, wewe na mjukuu wako mmelitazama kama mambo mawili tu, ama kila kitu kiingie kwenye nakala zote 30 ama tuchome. Mjukuu ana miaka yake na namheshimu kwa ukali wake juu ya ukweli. Lakini kuandika na kugawa si tendo moja. Mwaka 1858 Mwana Kupona, malenga mzaliwa wa Pate, alikuwa mgonjwa, akamwita bintiye asogee na wino na karatasi, akamwachia utenzi. Leo tunausoma sote, lakini alipokuwa akiutunga alikuwa anazungumza na mtoto mmoja aliyekaa mbele yake. Wewe ukurasa huu unaongea na nani? Na wajukuu waelewe manamba ni nini? Na mdogo wako? Na yule wa Kasulu? Kila mmoja angehitaji maneno tofauti, na sishangai kalamu imegoma kama umejaribu kuwaambia wote thelathini kwa pigo moja siku ya pilau.

Kwa hiyo ziko njia kadhaa, na kila moja ina gharama. Unaweza kutoa kitabu Desemba bila jambo hili, ila ufute ile sentensi ya kwanza. Kutosema na kusema uwongo si kitu kimoja, na hapo mjukuu ana hoja. Kitabu kinaweza kuanza na kipande cha baba, au na harufu ya mkonge kwenye korona, mtambo wa kukamua nyuzi, bila kumpa mtu cheo kisicho chake. Gharama yake ni kwamba utakaa kwenye sherehe unapongezwa kwa kitabu unachojua kina tundu, na siku tundu likionekana watauliza mengine uliyoyaruka. Unaweza kuahirisha. Desemba itakuja nyingine, na wachangiaji wakiambiwa "bado" wataelewa, ingawa kwa umri wa mama na kwa jicho lako mwaka ni kitu kikubwa. Unaweza kuandika yote, ukaiacha sehemu hii kwenye daftari peke yake, mikononi mwa mtu mmoja unayemwamini, pamoja na barua zenyewe, na maagizo lini ifunguliwe. Hiyo nayo ina ubaya wake. Huyo mtu utakuwa umembebesha kile ulichobebeshwa wewe. Kama unamfikiria mjukuu, muulize kwanza kama yuko tayari, mwenye miaka 20 hapendi kukataa ombi la bibi yake.

Kuchoma sitakuambia usichome, ni vyako. Nakuomba tu usichome usiku ule mama akishauliza swali lake. Subiri kuche.

Sasa mama. Unaumia ukimjibu "nimeipeleka". Mwalimu, mtu aliyepotewa na majina na siku bado anajua hofu, anajua aibu, anajua mkono wa mtu anayempenda. Anapouliza barua hamtafuti karani. Kuna kitu kilichobaki kimekwama ndani yake, kilekile kilichokwama ndani yako, na nyinyi wawili ndio pekee mliokuwepo siku ile. Jibu lako linamtuliza na sioni kama ni uwongo wa aina ile ya zamani. Ukitaka, kuna majibu mengine pia. "Barua ipo kwangu mama, nimeitunza" ni kweli tupu. Jaribu siku moja uone analala au anahangaika zaidi, ukiona anahangaika urudi kwenye jibu lako. Ila usimhoji. Najua kishawishi cha kumwuliza usiku, akiwa amefunguka, barua za majibu alizipeleka wapi. Asubuhi hatakumbuka alichosema, lakini woga wa kuulizwa utabaki naye. Na kama kusahau huku au kulia usiku kumeongezeka ghafla, mpeleke hospitali. Kwa wazee maambukizi ya kawaida tu au dawa fulani huzidisha hali, na hayo hutibika.

Umesema ukae kimya hadi mama aondoke. Inaonekana kama heshima na huenda ni heshima. Lakini ina maana utakuwa unakaa karibu na kitanda chake ukisubiri kitu, nami naogopa hilo litakuharibia siku zilizobaki kati yenu. Lipime.

Mtu wa Kasulu nimemwacha mwisho kwa sababu yeye hakuulizwa na yeyote. Wewe unamwona kama deni, mdogo wako kama tishio. Yeye, kama yu hai, ni mzee kama wewe, ambaye labda alikaa matanga ya baba yake mwaka 1972 au 1973 akiwa kijana, akalia, akaendelea na maisha. Ukimpata utampa ndugu wanne. Utampa pia habari kwamba baba aliyemlilia aliishi miaka mingine 20 na zaidi na kupanda michungwa. Hizo si habari za kumtupia mtu kwa simu. Na inawezekana hataki. Hilo nalo ni jibu lake, na ujiandae kuliheshimu.

Ukiamua kumtafuta, tazama anwani ya kwenye barua ukijua kwamba mambo yamehama. Mkoa wa Kigoma ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo ambayo watu wake walihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa miaka ile ya sabini, kwa hiyo kitongoji kilichoandikwa mwaka 1970 kinaweza kuwa leo ni shamba tupu na watu wake wako kilomita kadhaa pembeni. Na mwaka 2012 wilaya ya Buhigwe ilimegwa kutoka Kasulu. Usitafute upande mmoja tu. Ofisi ya mtendaji wa kijiji na wazee wa makanisa na misikiti ndio wanaojua nani alikuwa mwana wa nani. Mtu wa kwanza kumwuliza awe mtu mzima mwenye busara, asiyebeba habari yote, anayetafuta tu kujua kama familia ipo. Na kabla ya kutuma mtu, mdogo wako ajue. Asije akasikia jina la kaka au dada yake kutoka kwa mgeni mlangoni, maana itakuwa barua nyingine imesomwa nyuma ya mgongo wa mwenye nyumba.

Jina lake hukuliandika kwenye barua yako kwangu, hata hukusema ni mwanamume au mwanamke. Nadhani hiyo ilikuwa heshima, nami nimeipokea hivyo. Kama bado unalikumbuka sawasawa, liandike mahali, kabla kusahau kulikompata mama hakujakupata na wewe.

Kaunta buku ya tano imekaa miezi miwili mezani ikingoja ukiri. Usiipe hilo kwanza. Rudi kwenye ofisi ya karani, siku ile ya mwaka 1970. Una miaka kumi na miwili kasoro, umetoka shule, bahasha iko mkononi na hujaifungua. Andika njia ya kutoka pale hadi nyumbani, nani mlikutana, mkonge ulikuwa wa urefu gani, jua lilikuwa wapi, na uishie mlangoni, mama akiwa bado hajasema neno.